Fumo Liyongo: Shujaa Aliyeuawa na Maneno

Utangulizi

Jina la Fumo Liyongo si geni kwa mwanafunzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili. Humkuta kwanza katika vitabu vya shule, akitajwa kama mfano wa shujaa wa visakale. Afikapo chuo kikuu humkuta tena katika mihadhara ya fasihi simulizi na ya ushairi wa kale. Aghalabu Liyongo husifiwa kwa mambo matatu: urefu wa kimo chake, nguvu za mwili wake na ustadi wake wa kulenga shabaha. Sifa hizo zimejaa katika masimulizi, lakini hazitoshi kueleza kifo chake. Mtu aliyeogopwa na mji mzima aliuawa akiwa usingizini, kwa sindano, na mkono uliomchoma ulikuwa wa mwanawe wa kumzaa. Ili kulielewa jambo hili, inafaa maisha yake yasomwe upya kama maisha ya mtu wa jumba la kifalme, aliyezungukwa na ndugu, mawaziri, wajakazi, wakwe na wana, na ambaye mambo yake makubwa yaliamuliwa na maneno yaliyopita kati ya watu hao.

Fitina za majumbani hazikuanzia wala hazikuishia Uswahilini. Huko Ufaransa, Saint-Simon, mtu wa ukoo wa kitukufu aliyefariki mwaka 1755, aliacha kumbukumbu ndefu zilizosheheni habari za jumba la Versailles: nani alikaribishwa karibu na mfalme, nani alikosana na nani, na neno gani lililosemwa ukumbini lilimwangusha mkubwa gani. Liyongo hakupata mwandishi wa namna hiyo. Yeye alihifadhiwa na nyimbo za gungu, hadithi za wazee na utenzi. Hata hivyo, msomaji anayezifuatilia tungo hizo kwa makini hukuta mambo yale yale: wivu wa ndugu, minong'ono ya barazani, siri iliyobebwa na mjakazi na siri iliyouzwa na mwana.

Nchi ya Ozi na nasaba ya Liyongo

Masimulizi mengi yanamweka Liyongo katika nchi iliyo mdomoni mwa mto Tana na mto Ozi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Tana River, eneo la Garsen. Hapo kuna mji wa Kipini, kuna Kau na Kilelengwani, na katika ufuo wa Ghuba ya Ungwana yamebaki magofu ya miji ya kale ya Ungwana, Mwana na Shaka. Shaka ndio mji unaotajwa zaidi kuwa wa Liyongo. Kisiwa cha Pate, kilichokuwa na dola yenye nguvu, kiko upande wa kaskazini mashariki, na watu wa bara hii na wa visiwani walipitiana kwa biashara, kwa ndoa na kwa vita.

Wataalamu hawajaafikiana kuhusu zama alizoishi. Wapo wanaomrudisha nyuma hadi kabla ya karne ya 13, na wapo wanaomsogeza mbele hadi karibu na karne ya 17. Wanaoshikilia zama za karibu hutazama, pamoja na mambo mengine, kutajwa kwa Wagala katika utenzi. Hao ni Waoromo, na historia inaonyesha kuwa waliingia katika bonde la Tana kwa wingi mnamo karne ya 16 na ya 17. Wanaoshikilia zama za mbali hujibu kwamba masimulizi ya mdomo huchukua mambo ya zama tofauti na kuyaunganisha katika maisha ya mtu mmoja. Ubishi huu haujesha, lakini haumzuii msomaji kuyafuata maisha ya Liyongo jinsi yalivyopokewa.

Neno fumo katika Kiswahili cha kale lina maana ya mkuki, na pia lilikuwa cheo cha watawala wa sehemu hizo. Kwa hiyo jina lenyewe linatangaza kuwa mwenyewe ni mtu wa ufalme. Mapokeo yanasema kuwa alikuwa na ndugu, Daudi Mringwari, na kwamba wote wawili walikuwa na sababu ya kudai kiti. Baadhi ya wahakiki wameona hapa mgongano wa taratibu mbili za urithi: ile inayohesabu ukoo wa kuukeni, iliyokuwa ya kale katika sehemu za pwani, na ile ya kuumeni iliyotiwa nguvu na sheria ya Kiislamu. Mmoja wa ndugu hawa alikuwa na haki kwa utaratibu huu, na mwenziwe kwa utaratibu ule. Mahali ambapo sheria ina milango miwili, maneno ndiyo huamua nani aingie. Mringwari akapata kiti. Liyongo akapata jambo ambalo mwenye kiti hawezi kulivumilia, yaani mapenzi ya watu.

Sifa inayogeuka kuwa hofu

Ajabu ya kisa hiki ni kwamba maneno ya kwanza yaliyomdhuru Liyongo yalikuwa maneno ya kumsifu. Waoromo walifika Pate kutafuta chakula na bidhaa. Katika mazungumzo, Sultani aliwaeleza wageni wake habari za mtu mmoja wa ajabu, mwenye nguvu ambazo hawajapata kuziona. Wageni wakatamani kumwona, naye akaitwa. Liyongo alitoka Shaka akiwa na mkoba begani, na njiani akapuliza pembe kwa kishindo hata mji ukatetemeka. Alipoufungua mkoba mbele yao, alitoa kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga. Mtu mmoja alikuwa amebeba jiko zima kama mwingine anavyobeba tambuu.

Waoromo waliomba wapewe mbegu ya mtu huyo. Sultani akaridhia, na Liyongo akaozwa binti wa Kioromo. Ndoa hiyo ilikuwa ya kisiasa kama zilivyo nyingi za majumbani. Iliunganisha watu wa mji na wafugaji wa bara, na ikazaa mtoto wa kiume aliyefanana na baba yake. Lakini iliunganisha pia jina la Liyongo na mikuki ya Waoromo. Si vigumu kuona jinsi jambo hilo lilivyozungumzwa barazani. Mtu aliyekuwa hatari kwa nguvu zake peke yake sasa alikuwa na wakwe. Sultani aliyejivunia ndugu yake mbele ya wageni alianza kumwogopa wageni walipokwisha kuondoka.

Masimulizi hayasemi kwamba Liyongo alipanga kunyakua kiti. Yanasema kwamba Sultani aliamini hivyo, na imani hiyo ikatosha. Katika jumba la kifalme, uvumi hauhitaji ushahidi. Unachohitaji ni sikio la mwenye madaraka. Kuanzia hapo Mringwari hakuwa tena na ndugu, alikuwa na mpinzani.

Kikoa cha makoma

Liyongo aliarifiwa kuwa anatafutiwa kifo, akakimbilia mwituni. Ni dhahiri kwamba ndani ya jumba lile lile kulikuwa na watu waliompenda kiasi cha kumpelekea habari. Sultani naye alitafuta watu ambao Liyongo hangewashuku. Aliwaendea Wasanye na Wadahalo, jamii za wawindaji wa msituni, akawaahidi fedha wakimletea kichwa chake.

Wawindaji hao hawakumvamia. Walijua hawamwezi. Walimwendea kwa urafiki, wakala na kuzungumza naye, kisha wakapendekeza kikoa. Kikoa ni desturi ya watu kula pamoja kwa zamu, na chakula chao kilikuwa makoma, matunda ya mkoma. Kila mmoja angepanda mti siku yake na kuwaangushia wenzake. Nia yao ilikuwa kumpiga mishale Liyongo atakapokuwa juu, mikono yake ikiwa imeshika mti. Zamu yake ilipofika, Liyongo hakupanda. Aliuvuta upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mishale hadi yakatosha wote. Wawindaji walirudi kwa Sultani mikono mitupu, na yamkini wakiwa na heshima mpya kwa mtu waliyetumwa kumuua.

Tukio hili husimuliwa kama kielelezo cha ustadi wa Liyongo. Ni kielelezo pia cha busara yake. Alitambua kwamba kualikwa kwenye shirika la chakula kunaweza kuwa mtego, na hakumvunjia mtu heshima kwa kulisema jambo hilo. Alikataa kwa vitendo. Mtu aliyekulia katika jumba hujifunza mapema kwamba kumwambia msaliti kuwa umemtambua ni kumfundisha njia nyingine.

Mama, Saada na mkate wa wishwa

Hatimaye Liyongo alikamatwa, akafungwa minyororo na kutiwa gerezani huku walinzi wakiulinda mlango. Mama yake, ambaye baadhi ya mapokeo humtaja kwa jina la Mbwasho, alikuwa akimpelekea chakula kila siku kwa mkono wa mjakazi aliyeitwa Saada. Walinzi walikuwa wakikipokonya chakula kizuri na kukila, na mfungwa akaachiwa makombo.

Habari ikaja kwamba Liyongo atauawa. Alipoulizwa anataka nini kabla ya kufa, aliomba ngoma ya gungu na mwao. Ombi hilo lilikubaliwa, maana halikuonekana kuwa na madhara. Mtu anayekufa akitaka ngoma, achezewe. Wakati huohuo Liyongo alimwimbia Saada maneno ya kumpelekea mama yake. Walinzi walisikia wimbo. Saada alisikia agizo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani ya mkate atie tupa. Mkate wa pumba ulipoletwa, walinzi waliudharau, wakamwachia mfungwa.

Usiku wa gungu watu wakakusanyika. Nyimbo, matuazi, pembe na makofi vikajaa hewani, na chini ya kelele hizo Liyongo akaikata minyororo kwa tupa. Ngoma ilipokolea alijitokeza, watu wakatawanyika kwa hofu, naye akaenda zake.

Sehemu hii ya kisa ina mafunzo mengi kwa mwanafunzi wa fasihi. Kwanza, inaonyesha kazi ya ushairi katika jamii ya Waswahili wa kale. Wimbo ulikuwa njia ya kusema jambo mbele ya adui bila adui kulielewa, na fumbo lilikuwa kufuli ambalo ufunguo wake alikuwa nao mlengwa peke yake. Haishangazi basi kwamba Liyongo hukumbukwa kama mshairi vilevile. Tungo nyingi zimenasibishwa naye, na takhmisa mashuhuri iliyojengwa juu ya beti zake inanasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi. Mwaka 2004 kundi la watafiti lilichapisha mkusanyo mzima wa tungo zinazohusishwa na jina lake. Pili, sehemu hii inaonyesha kwamba aliyemwokoa shujaa ni wanawake wawili, mmoja mzee na mwingine mjakazi. Saada hakuwa na cheo chochote katika jumba, lakini maisha ya mwana wa mfalme yalikuwa kinywani mwake. Angeweza kuwaeleza walinzi, na pengine angelipwa. Hakusema.

Mwana na sindano ya shaba

Baada ya kutoroka, Liyongo aliishi mbali na mkono wa Sultani, na watu waliendelea kumpenda. Mringwari alikuwa amejaribu wawindaji wa kulipwa, akajaribu minyororo na gereza, na vyote vimeshindwa. Ikabaki njia moja, nayo ilipitia ndani ya nyumba ya Liyongo mwenyewe.

Yule mtoto aliyezaliwa na mama wa Kioromo alikuwa sasa kijana. Sultani alimwita, akamtukuza, akamvika na kumkalisha karibu naye. Akamwahidi binti yake na cheo kikubwa, maadamu angeipata siri ya kifo cha baba yake. Ahadi ya namna hii ina uzito wake kwa kijana wa aina yake. Baba yake alikuwa mtu wa kuwindwa asiye na makao, na mama yake alikuwa wa watu wa bara. Jumba lilimfungulia mlango kwa mara ya kwanza na kumwambia kwamba yeye ni wa humo. Almuradi alinunuliwa kwa kile alichokuwa amekikosa.

Kijana alimwendea baba yake na kumuuliza ni kitu gani kinachoweza kumdhuru. Masimulizi yanaonyesha kwamba Liyongo alishuku. Alielewa swali lile limetoka wapi, kama alivyoelewa kikoa cha makoma na dharau ya walinzi. Hata hivyo alijibu. Alimweleza mwanawe kwamba silaha ya kawaida haitamuua, ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Hapa ndipo wahakiki hujiuliza kwa nini mtu mwerevu kiasi kile alijitoa mwenyewe. Jibu moja linalowezekana ni kwamba werevu wake wote ulikuwa wa kuwatambua maadui, na mwanawe hakuweza kumhesabu miongoni mwao hata alipomwona amesimama upande wao. Kumnyima jibu kungekuwa kukiri kwamba hana mwana.

Kijana alirudi kwa Sultani na siri, akatengenezewa sindano. Alimrudia baba yake, akangoja mpaka alipolala usingizi mzito, akamchoma kitovuni, kisha akakimbia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kisimani

Liyongo aliamka na maumivu, akauchukua upinde wake na kutoka kumtafuta aliyemchoma. Hakumwona mtu. Akafika kisimani, akapiga goti, akautia mshale upindeni na kuuvuta. Akafia hapo, katika hali hiyohiyo. Watu waliokuja kuteka maji walimwona akiwalenga, wakakimbia. Siku zikapita na mji ukashikwa na kiu, maana hakuna aliyethubutu kusogea. Wazee wakamwomba mama yake aende kumsihi. Akaenda, akasema naye kwa upole kama mama anavyosema na mwana aliyekasirika, wala hakujibiwa. Mwishowe mwili ulianguka, watu wakafahamu kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Sultani alifurahi, lakini kijana hakupata alichoahidiwa. Mtu aliyemuuza baba yake angemuuza nani mwingine? Alivuliwa heshima aliyopewa, akafukuzwa, akaugua na kufa kwa fedheha. Huko Kipini wenyeji huonyesha hadi leo kaburi linalosemekana kuwa la Liyongo.

Safari ya kisa hadi maandishini

Kisa hiki kiliishi vinywani kwa muda mrefu kabla ya kuandikwa. Mwaka 1870 Edward Steere alikichapisha katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili. Mwaka 1913 Muhammad bin Abubakar Kijuma, mshairi na fundi wa Lamu, alikitunga upya kwa umbo la utenzi, na utenzi huo ndio uliomfikisha Liyongo madarasani. Mugyabuso Mulokozi aliuhariri na kuuchapisha mwaka 1999 pamoja na Al-Inkishafi na Utenzi wa Mwana Kupona. Katika kila toleo baadhi ya mambo hubadilika: mji wa Sultani, udugu wake na Liyongo, hata mpangilio wa matukio. Yasiyobadilika ni ndugu mwenye wivu, wimbo wa gerezani na mkono wa jamaa ulioshika sindano.

Hitimisho

Ukiyatazama maisha ya Liyongo kwa jumla, utaona kwamba aliokolewa na kuangamizwa kwa njia moja. Watu wa karibu walibeba maneno. Saada aliyabeba kwa uaminifu, na minyororo ikakatika. Mwana aliyabeba kwa tamaa, na sindano ikapata mahali pa kuchoma. Nguvu za mwili hazikuwa na kazi kubwa katika matukio haya mawili. Ndiyo maana kumsoma Liyongo kama jitu la ajabu tu ni kumpunguzia uzito, na kuwapunguzia uzito pia watu waliomzunguka.

Jambo hili lina uhusiano na nchi alimoishi. Mwaka 2012 delta ya Tana ilikumbwa na mapigano kati ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Mwezi wa Septemba mwaka huo Kilelengwani ilikuwa miongoni mwa vijiji vilivyoshambuliwa. Waorma ni wa jamii ya Waoromo, ambao katika kisa hiki walitoa binti yao kuwa mke wa shujaa wa pwani. Nchi iliyotunza kumbukumbu ya ukwe kati ya watu wa mto, wa bahari na wa malisho iliwaona majirani wakiogopana hadi kuuana. Chanzo cha migogoro kama hiyo ni ardhi, maji na siasa, lakini hofu ya mtu kwa jirani yake hukuzwa na maneno, kama hofu ya Mringwari kwa ndugu yake. Fumo Liyongo hakuacha sheria wala wasia ulioandikwa. Aliacha kisa kinachomtaka kila anayebeba neno la mwenziwe ajiulize kama analibeba kwa mkono wa Saada au kwa mkono wa yule kijana.